Taa ya Tausi Aliyevunjika Mdomo

Ningamma alikuwa na taa ndani ambayo hakuwahi kuiwasha hata mara moja, na wala haikuwa yake. Taa ndogo ya shaba ya manjano, ya kutia mafuta ya ufuta na kulaza utambi, mkono wake umeundwa kwa umbo la tausi, na tausi mwenyewe kavunjika mdomo. Aliiweka juu ya rafu, uso umeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kila mwaka ikikaribia sikukuu ya vyombo aliiteremsha, akaisugua kwa ukwaju na majivu mpaka ikang'aa, kisha akairudisha palepale na kuigeuzia tena ukuta. Mke wa mwenye nyumba alipomuuliza kwa nini anajitaabisha na taa asiyoiwasha, alijibiwa:

"Ina mwenyewe. Siku akija asiseme niliiacha ikaota kijani."

Na mwenyewe ni nani? Hapo ndipo palipomuuma. Hakumjua. Alichojua ni kwamba watu wazima na akili zao, watu wa vitabu, walimshikisha taa ile mkononi mbele ya kadamnasi wakamwambia, chukua kitu chako. Neno hilo halikumtoka. Wapo watu wakidhulumiwa husamehe, wakaitwa wema. Ningamma hakuwa na haja ya kuitwa mwema.

Alizaliwa upande wa Mandya, kwenye miwa, na shule aliiona kwa nje akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akaolewa na Kariyappa, mtunza bustani wa chuo kimoja kikubwa cha sayansi pale Bengaluru. Kariyappa alikuwa mume mzuri mwenye adui mmoja tu, tumbaku. Akiamka tumbaku shavuni, akimwagilia maua tumbaku shavuni, akilala anaitema kwa shingo upande. Shavu likaota uvimbe, uvimbe ukawa kidonda, kidonda kikammaliza. Mtoto hawakujaliwa. Chuo kikamwonea mjane huruma, kikampa ufagio na kazi ya kuosha vyombo vya vioo kwenye maabara ya Profesa Keshavamurthy.

Sasa, mjane kule anaijua mipaka yake. Hatii unga mwekundu kwenye paji la uso, havai bangili za kioo, hachomeki asumini kichwani. Mtu akitoka kwenda harusini au kwenye mtihani, mjane na ajibanze nyuma ya mlango wasikutane macho, asije akamtia nuksi. Ningamma aliifuata mipaka hiyo, si kwamba aliipenda, ila hakuwa na ubavu wa kugombana na mji mzima. Kitu kimoja tu hawakumkataza: kusuka mashada. Vidole vyake vilifunga asumini kwa uzi wa mgomba upesi hata jicho likachoka kuvifuata. Kuvaa marufuku, kusuka ruksa. Ndivyo walimwengu walivyo, mikono yako wanaitaka, wewe hawakutaki.

Siku moja alikuwa anasuka kwenye ngazi za nyuma, Profesa Keshavamurthy akatoka na kikombe chake cha kahawa, akaketi ngazi ya juu yake. Alikuwa mzee mpole wa miwani mizito, hupenda kufundisha hata paka. Akamuuliza kama anajua wanafanya nini mle ndani.

"Mnachezea maji ya rangi ya chungwa, bwana, na mnaogopa mwanga kama popo."

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akalichukua shada mapajani mwa Ningamma akaanza kumweleza. Ndani ya mwili, alisema, katika kila chembe mna uzi mrefu, ndio unaouambia mwili huku ota pua, huku ota kucha. Wao wanauita DNA. Uko kama shada hili, kamba mbili zimesokotana, na katikati maua yamepangwa mawilimawili yanatazamana. Yale maji ya chungwa ni madini, yanaitwa ruteniamu, nao wameyavalisha mabawa bapa. Bawa moja linajipenyeza kati ya ua na ua kama karatasi iliyochomekwa kwenye kitabu, linatulia. Gizani halina neno, limelala. Likipigwa na mwanga linaamka, na linaamka na njaa. Linapora chembe ya umeme kutoka kwenye uzi, na ua lililoporwa linaungua pasipo moto, kama chuma kinavyoliwa na kutu, kama bilinganya iliyokatwa inavyogeuka nyeusi. Ukiugusa uzi pale, unakatika. Na uvimbe nao unaishi kwa uzi huohuo. Mpe mgonjwa dawa iliyolala, mulika palepale penye uvimbe, uzi wa uvimbe utakatika na mwili mwingine utabaki salama kwenye giza lake.

"Lakini ajabu yake hii hapa," mzee akasema, akabana ua moja mwanzoni mwa shada. "Madini yamekaa hapa. Ua linaloungua si lazima liwe hili. Hili likiporwa linampora jirani, jirani naye anampora wa pili yake, hasara inatembea namna hiyo juu ya uzi, mpaka ifike kwa ua lisiloweza kabisa kushika chake." Akaenda mwisho kule wa shada akang'oa moja. "Hili. Huku mbali. Hili ndilo linaloungua."

Ningamma alilitazama lile ua mkononi mwa mzee. Kisha akauliza kama shavuni dawa ile ingefanya kazi.

Mzee alimjua Kariyappa. "Shavuni ndipo pazuri hasa. Mwanga unafika."

"Basi fanyeni haraka."

Tangu siku ile Ningamma alikitunza chumba cha giza kama watu wanavyotunza hekalu. Kilikuwa chumba kisicho dirisha, na taa moja nyekundu ukutani, maana mwanga mwekundu ule hauamshi kitu, na kila kichupa kimevingirishwa karatasi ya fedha kama pipi. Alikuwa na ufunguo wake kwa ajili ya kufagia. Alifagia kwa kupapasa, hakuingia hata na kibiriti. Akimaliza husimama kidogo mlangoni. Kusema kweli alikuwa anaongea na Kariyappa, lakini hilo lilikuwa lake.

Mchana alikula na Sakamma, mfagizi wa ghorofa ya juu. Mmoja akija na ugali wa ulezi, mwingine anakuja na mchuzi, achari wanagawana, na mabwana wote wa jengo wanasemwa mpaka mifupa. Kwa mtu asiye na mtoto, kula na mwenzako mchana ndiyo familia.

Katika maabara ile palikuwa na mwanafunzi anaitwa Narahari, kijana wa Mysuru, mtoto pekee wa mamake, mwembamba, mwenye ulimi. Alikuwa amekaribia kumaliza shahada ya udaktari na majaribio yake yanamgomea. Ametengeneza madini yake mwenyewe, kidogo tu, kwa mwaka mzima wa jasho, na limebaki jambo moja: kuonyesha kwamba gizani uzi hauguswi. Uzi ukikatika gizani, dawa si dawa tena, ni sumu tu kama sumu nyingine. Narahari huyu alijinadi haamini Mungu yeyote. Sikukuu ya vyombo ilipokaribia aliwakejeli waliokuwa wananunua vitu. "Mashine inataka umeme," alisema. "Haitaki ndizi."

Ila sikukuu ni sikukuu. Siku ile kazi haifanywi, vyombo vinapumzishwa. Mkasi haukati, jembe halilimi, na kule chuoni mashine za mamilioni zinazimwa na kufutwa, zinapakwa manjano na unga mwekundu kama bibi harusi, zinavishwa mashada. Mashada ya Ningamma. Mke wa Profesa akazungusha taa ya ibada mbele ya mitambo, boga jeupe likapasuliwa mlangoni kufukuza husuda, watu wakala bisi za mchele na dengu za kukaanga. Ningamma alisimama nyuma, karibu na sinki, pake pa kila mwaka. Chumba cha giza peke yake hakikuingizwa taa. Profesa alikataza, wakakitia nukta nyekundu mlangoni kwa nje, basi. Kufika mchana kila mtu kaenda kwao, na kesho yake nayo ilikuwa sikukuu.

Waliporudi kazini, Narahari ndiye aliyefungua chumba. Harufu ya utambi ulioungua ikatangulia kutoka. Juu ya meza ilikaa taa ya tausi, imekauka mafuta, na kipande cha shada la asumini kimeizunguka. Vichupa vyote vilikuwa uchi, karatasi za fedha zimekunjwa vizuri pembeni. Profesa akasema vipimwe hivyohivyo. Wakavipima kwenye ile jeli yao wanayoipitishia umeme, uzi mzima uliojisokota unatangulia mbele, uliokatwa unalegea na kubaki nyuma. Kichupa cha gizani, ambacho kingetangulia, kilibaki nyuma pamoja na vingine. Uzi umekatika wote. Mwaka wa mtu umeungua.

Watu wakajaa koridoni. Nani ana ufunguo? Sakamma, shoga wa achari, ndiye aliyefungua mdomo wa kwanza: maua yale ni mkono wa Ningamma, hakuna mwingine anayefunga fundo lile, na siku ya sikukuu alimwona akiingia upande ule na ufagio. Yote kweli. Fundo lilikuwa lake kwa kuwa mashada yote ya jengo yalikuwa yake, na ufagio ulikuwa mkononi kwa kuwa aliajiriwa kwa ufagio. Watu wakamgeukia Narahari, mwenye hasara. Narahari alikuwa amepauka. Alitazama taa, akatazama ukuta, kisha akamtazama Ningamma, akasema neno ambalo Ningamma angeweza kulirudia hata usingizini:

"Watu hawa wasiosoma, unawaambia wasilete mwanga, wao wanamleta Mungu."

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

"Taa hii siijui," Ningamma akasema. "Kwangu nina ya udongo. Na mimi mjane nikiwasha taa, namwashia nani?"

Alimtazama Profesa Keshavamurthy, maana yule alimjua. Profesa alikuwa anatazama viatu vyake. Mtunza stoo akaifunga taa kwenye gazeti, akamshikisha, wakamwambia, chukua kitu chako.

Wakamhamishia jengo jingine, kwenye vyoo na korido ndefu zisizo na mtu wa kuongea naye. Ufunguo wakauchukua. Ikapitishwa kwamba siku ya sikukuu Ningamma asije, apumzike nyumbani, wakalisema kama wanampa zawadi. Na habari haikai ilipowekwa. Wale wa vitabu walilaumu mwanga, wale wa ufagio wakalaumu ujane: eti mkono wa mjane ndio uliokata uzi, mwanga umesingiziwa tu. Wote hao, pamoja na kusoma kwao na kutosoma kwao, wakakutana kwa Ningamma.

Sakamma akahamisha mkebe wake wa chakula. Siku ya kwanza alisema ana wageni. Siku ya pili hakusema kitu.

Ningamma akawa anakulia chini ya ngazi za lile jengo jipya, mgongo kwa watu. Ugali wa ulezi ukiliwa peke yako unakwama. Unaumeza hivyohivyo, lakini unakwama. Alipokaa pale alikumbuka mzee alivyobana lile ua la mwanzo wa shada. Hasara inatembea. Ilianzia kwa mtu, mahali, ikapita mkono huu na mkono ule, mpaka ikafika kwa asiyeweza kushika chake. Nani wa mwanzo? Aliwapitisha wote kichwani, mke wa Profesa, mtunza stoo, wanafunzi wa kike waliopenda ibada. Narahari hakumpitisha. Nani anajichomea nyumba yake?

Miaka ikaenda. Profesa Keshavamurthy akafa, chuo kizima kikaenda kumzika, Ningamma akafagia korido zake. Mfagizi mwenzake wa jengo lile akamwambia si vizuri, mzee wa watu alikuwa na moyo mwema. "Alijua kuueleza uzi," Ningamma akasema, "kuunyoosha hakujua." Akaendelea na vumbi lake.

Nyumbani hakuja mtu. Kwenye harusi za jirani alialikwa kusuka, na kuondoka kabla bwana harusi hajafika. Jioni alipika kidogo, akala kidogo, na kwa kuwa mtu lazima aseme na kitu, alisema na taa. Haikuwa maneno mazuri. Aliiita majina ambayo hata kwenye miwa ya Mandya hayasemwi mbele ya wanaume. Kisha sikukuu ikifika, anaisugua.

Narahari alirudia majaribio yake, akapata shahada, akaenda Ujerumani. Akarudi mtu mzima, kitambi mbele na mvi pembeni, akapewa maabara ya Keshavamurthy. Na mtu akipata cheo na mvi, Mungu naye humrudia. Narahari yuleyule wa mashine haitaki ndizi sasa ndiye aliyeandaa sikukuu kubwa kuliko zote, akatoa amri watumishi wa majengo yote waje wapigwe picha ya pamoja. Msimamizi alipomfikia Ningamma alijikuna shingo. "Mkubwa kasema kila mtu. Hata wewe. Si unastaafu mwaka huu? Njoo basi ule bisi."

Ningamma alifika kwake, akaiteremsha taa, akaisugua kuliko miaka yote, lakini safari hii hakuirudisha rafuni. Aliifunga kwenye kipande cha sari kuukuu. Alitaka jambo moja tu. Aliyemtaja mbele ya watu aiangalie taa mbele ya watu, aseme tena kwa mdomo wake kwamba ni ya Ningamma, huku anamtazama. Akiweza kusema hivyo na macho yake yasipepese, basi ataondoka nayo, akafe nayo.

Maabara ilikuwa imejaa. Mashine zilikuwa mpya, mashada yamenunuliwa sokoni, mafundo yake ovyo. Mamake Narahari alikuwapo, Vishalakshamma, mzee wa sari ya hariri na kipini cha almasi puani, mume wake yu hai Mysuru kwa hiyo paji lake jekundu na ana haki ya kupaka wengine. Alikuwa anazunguka na sahani, huyu anamtia nukta, huyu anampa ua. Alimtia Sakamma, akamtia msichana mwanafunzi aliyesimama ubavuni mwa Ningamma, na alipofika kwa Ningamma akaliona paji tupu na mikono isiyo na bangili. Mkono ukamruka kama maji yanavyolipita jiwe. Ningamma hakushangaa, amezoea kuwa jiwe.

Narahari alikuwa anahutubia. Anaeleza kuheshimu vyombo, anaeleza walikotoka. Ningamma akasogea mbele, watu wakampisha kwa kutotaka kugusana naye, akafungua kitambaa, akaiweka taa katikati ya ndizi, uso wa tausi umemwelekea Narahari.

Hotuba ikakatika kama redio umeme ukienda.

"Hii taa," Ningamma akaanza, na maneno aliyokuwa ameyapanga miaka yote hayakupata nafasi, maana Vishalakshamma alikuwa ameiacha sahani yake mezani anaiinua taa kwa mikono miwili.

"Narahari. Si taa yangu hii?"

"Amma, taa zinafanana."

"Zinafanana nini? Nani mwingine ana tausi asiye na mdomo? Wewe mwenyewe ulimgongesha kwenye kinu hujaota magego, babako akakuchapa nikakuficha." Akawageukia watu, uso umemnawiri kwa furaha, taa ameikumbatia. Wazazi wakipata nafasi ya kumsifu mtoto mbele ya watu hawaulizi kama mtoto anataka. Akawasimulia yote. Kwamba huyu mkubwa wao alipokuwa mwanafunzi majaribio yalimgomea mpaka akakonda, yeye mamake akampa taa hii ya bibi yake, akamwambia aiwashe mbele ya vyombo vyake siku ya sikukuu. "Anajifanya hamjui Mungu, lakini si nimemzaa mimi? Alinipigia simu mchana uleule. Akasema, Amma, nimeiwasha mle kwenye chumba cha giza watu wasinicheke. Na vichupa nimevifunua, mwali mdogo hivi hauna neno, Mama Mungu avione, maana atabariki vipi kitu kilichofunikwa? Nikamwambia, vizuri baba, ila usiipulize kwa mdomo, taa ya ibada haipulizwi, ni mkosi. Iache ijizimie yenyewe. Naye akaiacha. Mtoto msikivu." Akaipangusa taa kwa upindo wa sari. "Halafu akaniambia imeibwa. Nililia."

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua kinachotokea ukifunua vichupa vile ukaviachia taa mpaka ijizimie. Msichana aliyekuwa na Ningamma alishika mdomo. Waliokuwapo enzi zile walikuwa wachache, na wote walikuta kitu cha kutazama. Sakamma alitazama ndizi.

"Haikuibwa, mama," Ningamma akasema. "Nilipewa. Muulize mwanao nilipewaje."

Vishalakshamma akamtazama mwanawe, na ile furaha ikaanza kumshuka usoni kidogokidogo. Narahari akapiga hatua, sauti ameiteremsha.

"Ningamma akka, dada yangu, twende ofisini tuzungumze."

"Ofisini sikutajwa. Nilitajwa hapa."

"Nilikuwa kijana. Niliogopa watanicheka."

"Na mimi nilikuwa na mtu wa kula naye."

Narahari alitazama taa, akatazama ukuta, vilevile kama siku ile, ila safari hii hapakuwa na mtu wa tatu wa kumtazama. "Taa ilikuwa yangu," akasema. "Niliiwasha mimi."

"Walio nyuma hawajasikia," Ningamma akasema. "Na nyuma ndiko mlikoniweka, najua hakusikiki vizuri."

Narahari akasema kwa sauti. Kwamba taa ilikuwa yake, vichupa alifunua yeye, shada alilichomoa kwenye mashine, Ningamma hakuwasha kitu wala hakuharibu kitu, na yeye alijua tangu saa ile alipofungua mlango. Kisha akafanya ambalo mtu wa cheo chake halifanyi kwa mfagizi. Akainama, mikono imeelekea miguu ya Ningamma, kuigusa, kuomba radhi kama mtoto anavyomwomba mkubwa.

Ningamma akairudisha miguu nyuma.

"Iache miguu," akasema. "Hii inakwenda nyumbani."

Vishalakshamma alikuwa ameishika tena sahani yake, kidole kimechovya unga mwekundu, hajui akipeleke wapi. Alikileta hadi usawa wa paji la Ningamma kikasimama hewani. Ningamma akamwambia asijisumbue, hakufuata rangi. "Taa yako ni safi, mama. Nimeitunza. Sasa na aitunze mwenyewe."

Alitoka kwa mlango wa mbele. Mlangoni msichana yule akamfuata na kumsindikiza hadi kwenye ngazi, anapindapinda upindo. Chumba cha giza kilikuwa palepale, nukta nyekundu mlangoni, na Ningamma akasimama hapo kidogo kama zamani.

"Ile dawa," akauliza. "Imefika shavuni?"

"Bado, bibi. Tuko karibu."

"Mlikuwa karibu tangu enzi zile," akasema, akashuka ngazi.

Kwake alipika ugali wa ulezi na mchuzi wa majani, akala. Jua lilikuwa halijazama, na nje watoto walikuwa wanapanga ndimu za kukanyagia mkosi chini ya magurudumu ya baiskeli zao, kila mtu na chombo chake. Aliinua macho kwenye rafu kusema neno, kama alivyozoea, akakuta hapana kitu. Palikuwa na duara safi tu katikati ya vumbi. Alikaa analitazama. Miaka yote hiyo alifikiri siku ile ikifika atashiba. Sasa hata wa kumtukana hana.

Mlango ukagongwa. Sakamma, sinia la bisi mkononi, dengu juu yake, na achari kwenye kikopo, macho mekundu. Akaanza kusema kwamba yeye alisema alichokiona tu, hakujua, na tangu mchana hajaweza kumeza kitu.

Ningamma alilipokea sinia. Bisi hazikumtaja mtu koridoni. Akalishika vizuri kwa mikono miwili, akausukuma mlango kwa mguu mpaka ukafungika, akarudi kuketi mbele ya rafu, akala peke yake.